Mgonjwa Mmoja, Muuguzaji Mmoja

Tangu shirika la misaada la Marekani, USAID, lifungwe rasmi tarehe 1 Julai 2025, kuna maneno ninayoyasikia kila ninapokaa na watu hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, iwe stendi ya teksi au kwenye foleni ya forodha pale Mpondwe, mpakani na Kongo: "Sasa kila familia ijilinde yenyewe." Anayeyasema ana sababu. Amri ya Rais wa Marekani ya kusimamisha misaada ilitoka tarehe 20 Januari mwaka huo. Siku kumi baadaye, tarehe 30 Januari, Wizara ya Afya ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kampala. Watu waliziona tarehe hizo zikifuatana, wakahitimisha kwamba mlinzi ameondoka na adui ameingia. Kwa hiyo mipango ninayosikia inafanana: ugonjwa ukija tena tutafunga geti, tutaweka ndani unga na maharage ya mwezi mzima, hatutapokea mgeni, na watu wa wizara wakija na gari lao tutawaambia hapa wote wazima.

Uchungu huo naushiriki. Mpango huo naupinga, kwa sababu umejengwa juu ya dhana mbili ambazo historia ya nchi hii inazikataa. Ya kwanza ni kwamba zamani kulikuwa na mtu mwingine aliyezilinda familia. Ya pili ni kwamba kujilinda ni kazi ya mlango. Ninachodai ni hiki: Ebola, ugonjwa unaotutisha kuliko yote, umekuwa ukiingia majumbani mwetu kupitia mikono ya wanaopendana, mikono inayolisha, inayofua na inayoosha maiti, na familia hunusurika inapoamua mapema mikono ya nani itamgusa mgonjwa na ya nani haitamgusa kabisa. Uamuzi huo hata familia maskini inaweza kuufanya. Kuutekeleza bila msaada wa yeyote ni jambo jingine, na nitalifikia.

Tuanze Gulu. Kati ya mwaka 2000 na 2001 watu 425 waliugua Ebola ya aina ya Sudan na 224 wakafariki, akiwemo Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, aliyefariki tarehe 5 Desemba 2000. Wachunguzi walipofuatilia jinsi ugonjwa ulivyopita kutoka mtu hadi mtu walizikuta njia tatu kubwa: mazishi ambako waombolezaji walimshika marehemu, nyumba ambako jamaa waliuguza jamaa, na wodi ambako wahudumu walitibu bila kinga ya kutosha. Njia mbili kati ya hizo tatu ni za familia. Baada ya Gulu ikaja Bundibugyo mwaka 2007, Kibaale mwaka 2012, Mubende na Kassanda mwaka 2022, kisha Kampala mwaka 2025, na mara nyingi habari ya mwanzo ilikuwa ya nyumba moja ambamo watu walianza kufuatana kaburini kabla maabara haijasema neno.

Takwimu ninayotamani kila mkuu wa kaya aijue haitoki Uganda. Inatoka Kikwit, kwa majirani zetu wa Kongo, ambako Ebola ilizuka mwaka 1995. Watafiti walizifuata familia 27 zenye mgonjwa, wakahesabu watu 173 walioishi naye nyumba moja. Waliomgusa mgonjwa walikuwa 95, na 28 kati yao wakaambukizwa. Wasiomgusa walikuwa 78, na hakuna hata mmoja wao aliyeugua. Yaani watu 78 walikaa chini ya paa moja na Ebola, wakatoka wazima. Mwaka 1979, huko Nzara na Yambio kusini mwa Sudan, uchunguzi wa virusi aina ileile iliyotupiga Gulu na Mubende ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba aliyemuuguza mgonjwa alikuwa hatarini takriban mara tano zaidi ya yule aliyemgusa tu. Ukizitazama habari hizi mbili kwa pamoja utaona kwa nini mlango haunisumbui sana. Mlango unawatenganisha walio ndani na walio nje, wakati mstari unaoamua nani atakufa umechorwa ndani ya nyumba yenyewe, kati ya kitanda cha mgonjwa na mkeka wa wengine.

Wazee wa Acholi waliujua mstari huo kabla ya maabara yoyote. Katika lugha yao kuna neno gemo, ugonjwa unaokuja kama upepo na kuchukua watu wengi kwa mara moja. Mwanzoni mwa mlipuko wa Gulu watu wengi walidhani ni homa ya kawaida, wengine wakasema ni sumu, na kwa maradhi ya namna hiyo jamaa wote hukusanyika kitandani kama desturi inavyotaka. Wazee walipotamka kwamba hii ni gemo, mambo yalibadilika, kwa sababu gemo ina sheria zake. Mgonjwa awekwe nyumba ya peke yake, kiasi cha mita mia moja kutoka nyumba nyingine. Anayemuuguza awe mtu aliyewahi kuugua ugonjwa huo akapona, au kama hayupo, mzee mmoja, mwanamke au mwanamume. Nyumba yenye mgonjwa iwekewe alama ya nguzo mbili ndefu za matete, ili apitaye ajue asiingie. Wajawazito na watoto wakae mbali kabisa, ngoma zisimame, watu wapunguze kutembea, na aliyepona akae pembeni mwezi mzima kabla ya kurudi kwa watu. Ukiondoa matete, huo ndio mwongozo ambao wataalamu wa Shirika la Afya Duniani kule Geneva wangeuandika. Hata agizo la kumtumia aliyepona lina mantiki ya kitabibu, kwa kuwa mwili wake tayari umejijengea kinga. Nasisitiza jambo hili kwa sababu tumezoea kuambiwa kwamba utamaduni wetu ndio unaotuua. Pale Gulu utamaduni huohuo ulikuwa na kanuni mbili, ya siku za kawaida na ya siku za gemo, na kilichohitajika ni mtu mwenye heshima kutangaza kwamba siku za gemo zimefika.

Kanuni ya siku za kawaida ilikuwa na bei yake, na bei hiyo walilipa wanawake. Kwa Waacholi, anayeosha na kumvalisha marehemu ni shangazi yake, dada wa baba, na asipokuwepo huitwa mama mwingine mwenye umri. Baada ya hapo waombolezaji hunawa mikono katika beseni moja na kumuaga marehemu kwa kumgusa. Mtu aliyekufa kwa Ebola ana virusi vingi mwilini kuliko wakati wowote wa ugonjwa wake. Hebu fikiria ukoo mmoja wenye shangazi mmoja na misiba mitatu katika mwezi. Mambo hayo si ya Waacholi peke yao. Kwetu Wakonzo, kwa Waganda, kwa Waislamu na Wakristo, kila jamii ina jina la mwanamke ambaye kazi hiyo humwangukia. Tunapotoa wito kwa "familia" kujilinda, kwa kweli tunamwambia mtu huyo mmoja, na mara nyingi hatujamtaja kwa jina wala kumnunulia glavu.

Sasa niwape haki yao wanaoamini katika geti. Wana ushahidi, na haifai kuubeza. Uganda ilipata mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 21 Machi 2020, shule zikiwa zimefungwa siku moja kabla. Yakafuata marufuku ya usafiri, kafyu ya saa moja jioni na boda boda kuzuiwa kubeba abiria. Kifo cha kwanza cha korona kilitangazwa tarehe 23 Julai, miezi minne baadaye, wakati nchi nyingine zilikuwa zinahesabu maiti kwa maelfu. Kufunga kulitupa muda, na muda ni mali. Lakini tuangalie ni nini kilichofungwa na nini hakikufungwa. Wanafunzi milioni 15 waliambiwa warudi nyumbani, na nyumba nyingi za Kampala ni muzigo, chumba kimoja chenye pazia katikati. Wazazi wengi wa mjini waliwapeleka watoto kijijini kwa bibi, kwa nia njema kabisa, na kwa kufanya hivyo wakawaweka watu wanaobeba korona bila dalili karibu na watu ambao korona huwaua. Mama mwenye uchungu wa kuzaa alilazimika kutafuta ruhusa ya RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, ili gari limfikishe hospitali. Shule zilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili baadaye, na kuna mabinti ambao hawakurudi tena darasani. Geti lililinda, halafu likaanza kula waliokuwa ndani.

Korona pia inanilazimisha kuurekebisha mstari wangu, maana haifanani na Ebola. Ebola haiambukizi kabla ya dalili kuonekana, kwa hiyo unaweza kumtambua mgonjwa na kumtenga kwa wakati. Korona huambukiza siku moja au mbili kabla mtu hajakohoa, tena kwa hewa. Ndani ya muzigo hakuna mita mia moja, hakuna hata mita tatu. Hapo swali la busara linageuka: badala ya kuuliza tumtenge nani aliye mgonjwa, familia iulize ni nani kati yetu atakufa akiugua. Bibi wa miaka sabini, baba mwenye kisukari, dada mwenye pumu. Huyo ndiye apewe kitanda kilicho karibu na dirisha, sahani yake na barakoa, na wajukuu wamsalimie kutoka uani. Mchana mlango uwe wazi, mapishi na maongezi yahamie nje chini ya mwembe, kwani hewa inayotembea ni dawa ya bure. Mpox, iliyoingia Uganda mwaka 2024, ina tabia yake tena: huenea kwa ngozi kugusa ngozi na kwa shuka za pamoja, na familia inayolaza watoto wanne godoro moja inapaswa kuanzia kwenye godoro. Kila ugonjwa una mlango wake, na mara nyingi si ule wenye kufuli.

Kuna hoja ya pili, na hii ndiyo nzito kuliko zote ninazokutana nazo. Inasema kwamba kuiambia familia ya mtaa wa mabanda wa Kisenyi, Kampala, au ya kambi ya wakimbizi ya Kyaka II ijilinde ni kumtwisha mzigo asiyeweza kuubeba. Maji hununuliwa kwa jerikeni, sabuni hukatwa vipande, anayekaa nyumbani siku tatu hulala njaa. Serikali ndiyo yenye wajibu, na kila tunapozungumzia nidhamu ya familia tunaisaidia kukwepa. Nakubali karibu yote. Mwaka 2020 mgao wa chakula ulioletwa Kampala na Wakiso ulikuwa kilo sita za unga na kilo tatu za maharage kwa mtu, na mwaka 2021, tulipofungiwa mara ya pili, kaya zilizoteuliwa zilitumiwa shilingi 100,000 kwa simu. Ukiigawanya laki hiyo kwa siku 42 za kufungiwa utaona ilivyo ndogo. Ila hoja hiyo inakosa jambo moja, nalo ni la wakati. Hata serikali iliyo bora duniani huja ya pili. Mubende mlipuko ulitangazwa tarehe 20 Septemba 2022 baada ya kijana wa miaka 24 wa kijiji cha Ngabano, Madudu, kufariki. Lakini watu wa eneo lile walikuwa tayari wamezika wengine sita kwa vifo vya kutatanisha, na kijana mwenyewe alikuwa amepita zahanati zaidi ya moja akitibiwa magonjwa mengine. Nchi haikuwa gizani: ina maabara ya virusi ya Entebbe inayosifika barani kote na ina uzoefu wa milipuko mingi. Bado siku za mwanzo, zile zinazoamua kama watakufa watatu au hamsini, zilikuwa mikononi mwa kina mama wa Ngabano. Zitakuwa hivyo tena, fedha za wafadhili ziwepo zisiwepo.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu, na ndiyo inayoenea kwa kasi. Inasema: ficha mgonjwa wako. Wakimchukua hutamwona tena. Hospitali ndiko watu wanakofia. Ebola ni biashara ya wakubwa. Ninaelewa hofu inakotoka, kwa sababu mtu aliyeona jamaa yake akiingizwa kwenye gari na watu waliojifunika mwili mzima, kisha akarudishiwa maiti ndani ya mfuko, hana sababu ya kuwaamini. Lakini tuyatazame matokeo. Kassanda mwaka 2022 kulikuwa na watu waliofukua kaburi la marehemu aliyezikwa na timu ya mazishi salama, ili wamwoshe na kumzika upya kwa taratibu za dini, na baadhi ya waliomshika wakaugua. Oktoba mwaka huohuo mtu mmoja aliondoka Kassanda akiwa mgonjwa akaja Kampala. Muda si mrefu jamaa na majirani wa Masanafu waliokuwa naye walikuwa wodini, na miongoni mwa wagonjwa wa jiji walikuwemo watoto sita kutoka shule tatu za Rubaga. Muhula ukafungwa wiki mbili kabla ya wakati. Mlipuko ule ulithibitishwa kwa watu 142, na 55 kati yao wakafariki. Mbali na hao kulikuwa na wengine 22 waliohesabiwa kuwa walikuwa na Ebola ingawa hawakuwahi kupimwa, na wote 22 walikuwa wameshakufa.

Linganisha na mwaka 2025. Mgonjwa wa kwanza kujulikana, muuguzi wa Mulago, alikuwa ametafuta matibabu Wakiso, Kampala na Mbale, hata kwa mganga wa kienyeji, kabla ya kufariki tarehe 29 Januari. Jamaa zake wa karibu walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Safari hii waliokuwa karibu naye walifuatiliwa haraka na walioonyesha dalili wakalazwa mapema, wakapewa maji ya mshipa na uangalizi wa karibu. Waliothibitishwa walikuwa 12, na 10 wakarudi nyumbani. Vifo vilikuwa vinne kwa jumla, na viwili kati ya hivyo vilikuwa vya watu waliofariki kabla ya kupimwa. Kwa aina hii ya Ebola, ile ya Sudan, bado hakuna chanjo iliyoidhinishwa, ingawa majaribio yalianza Kampala siku nne tu baada ya mlipuko kutangazwa. Kilichochangia kuwaokoa watu wale 10 ni kufika mapema. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sijui mahali ambapo methali imethibitishwa kwa hesabu kama hapa. Anayemficha mgonjwa anadhani anailinda familia dhidi ya wizara. Kumbe anawaongezea ndugu zake siku za kumgusa, na siku za kumgusa ndizo zinazoua.

Sisi wa mpakani tuna ushahidi wetu. Juni 2019 familia moja ilivuka kutoka Kongo baada ya kumzika babu aliyefariki kwa Ebola. Mama wa watoto alikuwa amekwenda huko kumuuguza baba yake. Mtoto wa miaka mitano alithibitishwa kuwa na virusi hospitalini Bwera, kisha bibi yake, kisha mdogo wake wa miaka mitatu. Wote watatu walifariki. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule ni ndugu, tunaoana, tunazikana, soko la Mpondwe ni letu sote, na hakuna mto wala askari aliyewahi kuzuia msiba kuvuka. Kwa namna yoyote ya kuhesabu, Bwera ilipaswa kuwaka moto. Haikuwaka. Hakuna mtu hata mmoja aliyeambukizwa ndani ya Uganda kutokana na familia ile. Wahudumu wa afya wa mpakani walikuwa wamechanjwa miezi kadhaa kabla, kwani ile ilikuwa Ebola ya Zaire yenye chanjo, watu waliokuwa karibu na wagonjwa walichanjwa pia, na viongozi wa vijiji walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakieleza. Walieleza kwa Kikonzo na kwa Kiswahili, lugha ambayo mchuuzi wa Kasindi na dereva wa lori kutoka Mombasa wanaielewa sawasawa. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu nimeona matangazo mengi mno ya afya mpakani yameandikwa kwa Kiingereza peke yake, na bibi anayeuguza hasomi Kiingereza. Tangu Julai 2022 Baraza la Mawaziri limepitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kama kuna mahali pa kukitumia kwanza, ni kwenye karatasi inayobandikwa mlangoni mwa zahanati.

Nitaeleza jambo moja la nyumbani kwangu, kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike. Juni 2021, wimbi la pili la korona lilipokuwa kali, baba yangu mdogo aliugua. Hospitali moja ilitaka malipo ya awali ya mamilioni ya shilingi ambayo hatukuwa nayo, tukamrudisha nyumbani. Tulikuwa watu wazima sita na kila mmoja alitaka kuonyesha upendo. Tulipokezana zamu usiku na mchana, huyu analisha, huyu anafuta jasho, huyu anageuza shuka. Tuliona fahari kwamba hakuna saa ambayo mzee alikaa peke yake. Ndani ya siku kumi wanne kati yetu walikuwa wamelala, na baba mdogo akaondoka mikononi mwa shangazi ambaye mwenyewe alikuwa akihangaika kupumua. Shangazi alipona. Miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza, na jibu ni lilelile: kama angeuguzwa na mmoja tu, barakoa puani na dirisha wazi, asingepungukiwa na chochote isipokuwa wingi wetu.

Kutokana na haya yote, maana ya kukatwa kwa misaada inabadilika kidogo. Pengo kubwa haliko kwenye geti la familia, liko kati ya geti na zahanati. Huko ndiko wanakofanya kazi VHT, wahudumu wa afya wa vijiji tulionao tangu mwaka 2001, wanaojitolea kwa posho ndogo inayokuja na kupotea kulingana na mradi. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, anajua nani amehamia, nani anakohoa, nani amezika bila kusema. Wawili hawa wakikatika, familia inabaki na mawazo mawili, kuficha au kukimbia. Kwa hiyo bajeti ya taifa ikiwa na shilingi chache, ningeziweka hapo kabla ya kununua gari jingine. Ningeziweka pia katika siku 21, muda ambao watu waliomgusa mgonjwa wa Ebola hufuatiliwa. Mkulima anayeambiwa akae siku 21 bila kwenda shamba wakati wa kuvuna maharage anaombwa alipie usalama wa taifa kwa mavuno yake. Akitoroka tunamwita mkaidi. Njia ya kumtumia fedha kwa simu tuliijaribu mwaka 2021, inafanya kazi. Kilichobaki ni kuamua kwamba aliyejitokeza siku ya kwanza analipwa kwa siku zake, na kumwambia hivyo kabla mlipuko haujaja, kwa lugha yake, mbele ya mwenyekiti wake.

Na muuguzaji afundishwe. Hilo Uganda ililifanya zamani, wakati UKIMWI ulipokuwa unafagia Rakai na Masaka. TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, ilianzishwa mwaka 1987 na watu waliokuwa wanauguza au wanaugua wenyewe, wakaenda nyumba kwa nyumba wakionyesha jinsi ya kumtunza mgonjwa bila kumkimbia na bila kujidhuru. Hapakuwa na dawa za kurefusha maisha wakati huo. Kulikuwa na sabuni, glavu, na mtu wa kukuonyesha. Leo mfuko wenye glavu, barakoa, kipande cha sabuni, Jik ya kuua vijidudu, na chumvichumvi za kurudisha maji mwilini ungeweza kukaa kwa VHT wa kila kijiji ukisubiri nyumba itakayobisha hodi. Mwenye mfuko huo angekuja na maswali matatu: nani atauguza, mgonjwa atalala wapi, na nani kati yenu asimkaribie kabisa.

Kwetu tuliyajibu maswali hayo mwaka 2022, wiki ambayo Mubende ilifungwa. Tulikaa uani, watu tisa. Chumba cha nyuma chenye mlango wake ndicho cha mgonjwa, na kibuyu chirizi kimetundikwa nje yake mpaka leo. Namba ya VHT imeandikwa kwa mkaa ukutani, karibu na jiko. Kuhusu nani atauguza, mama alisema ni yeye, akakasirika tulipokataa. Ana miaka sitini na nane na shinikizo la damu. Aliuliza kama tunataka aonekane mbele ya ukoo kama mwanamke aliyemwacha mtoto wake afe akiwa anatazama. Tulikaa kimya muda mrefu. Mwishowe tulikubaliana kwamba kaka yangu wa pili ndiye atakayeingia, na mama atapika uji, atauweka kwenye kigoda nje ya mlango, na ataketi palepale kwenye mkeka, hatua kumi kutoka dirishani, ili mgonjwa aisikie sauti yake.